Nimetolewa ziwa, mdogo wangu wa Marekani anasema kuna ngozi ya marehemu wanatumia kurudishia, hivi ni kweli?

MamaDagaa:

Habari za saa hizi wadau, naombeni msinicheke maana hili jambo limenikaa kooni kama mwiba wa ningu na hapa nyumbani sina wa kumuuliza tena.

Mimi ni mama wa miaka 43, nauza dagaa pale Mwaloni Kirumba, watoto wanne. Mwaka juzi niliona kivimbe ziwa la kushoto, nikazubaa nacho kama miezi saba hivi nikijua ni maziwa yaliganda maana kitinda mimba nilichelewa kumwachisha, baadaye nikaenda wakachukua kinyama, majibu yakarudi ni saratani. Wakanitoa ziwa lote na zile tezi za kwapani, nikapiga dripu za kemo nywele zikaisha, nikamalizia na mionzi, sasa hivi nina miezi kumi tangu mionzi iishe na nameza vidonge. Namshukuru Mungu kidonda kilikauka vizuri na vipimo vya karibuni viko safi. Yani watu wananiambia umepona unataka nini tena.

Sasa tatizo langu. Nakaa kando ya ziwa na nimetolewa ziwa (hii nilishaisema hata kliniki manesi wakacheka) lakini upande ule ni bapa kabisa, na mimi nilikuwa na maziwa makubwa kwa hiyo la kulia linanivuta, bega linauma, nguo zote zinakaa upande. Nilikuwa nashindilia soksi kwenye sidiria. Basi wiki tatu zilizopita niko kwenye meza yangu nainama kumpimia mteja sado mbili, soksi ikapanda ikatokea shingoni ikadondoka kwenye beseni la dagaa. Soksi ya shule ya mwanangu, nyeupe ina mistari ya bluu. Yule mteja akaiokota, akaikung'uta, akaniuliza kwa upole kabisa "mama hii ya nani". Nikasema ya mtoto. Nilifunga meza saa nne asubuhi nikarudi nyumbani.

Nikampigia mdogo wangu yuko Marekani huko analea wazee, nikamlilia, akaniambia dada mbona huku bosi wangu alitolewa ziwa na siku hiyo hiyo wakamtengenezea jingine, wanaweka kifuko cha silikoni halafu kinashikiliwa na kipande cha ngozi ya mtu aliyekufa ambaye alijitolea. Kosa langu niliweka spika. Wifi yangu alikuwa anachambua mchele pale pale. Kufika jioni mama mkwe kapiga kutoka Sengerema, baba watoto kanuna, kikao cha ukoo kinaandaliwa. Mama mkwe ananiambia kanda hii tumeona watu wanakatwa mikono kwa ajili ya viungo, leo we mke wa mwanangu unataka kuvaa ngozi ya maiti kifuani, hiyo ngozi mwenyewe atakuja kuidai. Nikakosa la kumjibu kwa sababu hata mimi mwenyewe nilisisimka.

Naomba kujua, hiyo ngozi ya marehemu ni kweli au mdogo wangu kaelewa vibaya? Inapatikanaje, wanauziana? Saratani haiwezi kurudi kupitia hapo? Na kwa mtu kama mimi ambaye nimeshapigwa mionzi inawezekana? Kinachoniuma zaidi ni kwamba kule nilikofanyiwa (sitapataja) nilisaini karatasi ya kutolewa ziwa na hakuna hata mtu mmoja aliyeniambia kwamba kuna kitu kinaitwa kurudishia.

Ngwana_Igoma:

Dada kimbia. Biashara ya viungo hiyo wameivalisha koti jeupe. Huku tumezika ndugu zetu wenye ualbino kwa saruji juu ya kaburi ili wasifukuliwe, leo mtu aje aniambie ngozi ya marehemu ni matibabu. Mama mkwe wako yuko sahihi 100%.

chuma_cha_reli:

watoto wanne unao mume unae ziwa la nini tena mama, kula maisha

MamaDagaa:

@chuma_cha_reli wewe ukikatwa sikio moja utaambiwa la nini tena si unasikia kwa lile jingine.

Mshona_Vidonda:

Pole sana dada na hongera kwa kumaliza mionzi, wengi wanaishia njiani. Mimi nafanya kazi wodi ya upasuaji huku huku kanda ya ziwa, naandika nikiwa nimetoka zamu ya usiku kwa hiyo mnisamehe nikirukaruka.

Kwanza @Ngwana_Igoma sikulaumu hata kidogo. Mtu wa Dar hawezi kuelewa neno "kiungo cha binadamu" likitamkwa Mwanza au Geita linaamsha nini. Lakini hivi ni vitu viwili tofauti kabisa. Yale yalikuwa mauaji. Hii ni mtu mwenyewe akiwa hai kaandika kwamba nikifa tumieni, au familia yake imeombwa ikakubali baada ya yeye kufariki, na huko Marekani sheria tangu 1984 inakataza kuuza na kununua viungo vya kupandikiza, ngozi na mifupa ikiwemo. Kinacholipiwa ni kazi ya kuiandaa, na hapo sikufichi makampuni yanalipisha kweli kweli, kipande kimoja kinaweza kufika maelfu ya dola.

Sasa ikoje. Ngozi yako ina tabaka. Wanaambua tabaka jembamba tu kutoka mgongoni na mapajani kwa marehemu, sehemu ambayo akishavalishwa nguo zake huoni kitu, anazikwa kama kawaida. Damu yake inapimwa VVU, homa ya ini B na C, kaswende, na historia yake ya ugonjwa inaulizwa, mtu aliyekuwa na saratani iliyosambaa ngozi yake haichukuliwi. Halafu ile ngozi inaoshwa na dawa mpaka seli zote za mwenye nayo zinatoka. Hapa ndipo watu wanapoachwa. Seli ndizo mwili wako unazozitambua kama mgeni, zikishatoka kinachobaki ni nyuzi za kolajeni tu, kitambaa cheupe kizito kama ngozi ya ngoma iliyolowana. Ndiyo maana mtu aliyewekewa figo anameza dawa za kushusha kinga maisha yake yote lakini aliyewekewa hii hamezi dawa hizo, wala si lazima kundi lake la damu lilingane na la mtoaji. Baada ya wiki kadhaa mishipa yako midogo inaingia humo, seli zako zinahamia, inakuwa yako. Kwa hiyo kwa mama mkwe mwambie hata mwenyewe akija kuidai atakuta wapangaji ni wengine.

Kazi yake kwenye ziwa ni nini? Wewe unauza dagaa utanielewa haraka. Kifuko cha silikoni ukikiacha chini ya ngozi tupu kinateleza kinashuka. Kwa hiyo kile kitambaa kinashonewa upande wa chini kama nyavu inavyobeba samaki, kinakishika mahali pake na kuongeza unene ili mipaka ya kifuko isionekane kwenye ngozi. Hicho tu. Chenyewe hakitengenezi ziwa. Mambo haya yalianza miaka ya 1990 kwa watu walioungua moto, kwenye ziwa yakaja baadaye.

Na si kila mtu anayashangilia. Mwaka 2021 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kwamba hawajaidhinisha hata kimoja cha vitambaa hivi mahsusi kwa kazi ya ziwa, na kwamba baadhi ya aina zina matatizo mengi kuliko nyingine. Maji kujikusanya, maambukizi, kifuko kutolewa tena. Madaktari wanazitumia kwa uamuzi wao, wengi na kwa mafanikio, ila ujue hilo.

Haya, swali lako la mionzi, na hapa ndipo nadhani kikao chenu cha ukoo kimekaa bure. Mionzi inaikaza ngozi, inapunguza mishipa midogo ya damu. Ukiweka kifuko chini ya ngozi iliyopigwa mionzi uwezekano wa kukakamaa, kuuma na kupata maambukizi unapanda sana, iwe na kitambaa cha marehemu au bila. Kwa mtu kama wewe mara nyingi wanapendelea kutumia nyama yako mwenyewe, yenye damu yake mbichi. Ama wanashusha msuli wa mgongoni na kipande cha ngozi yake, wanauzungusha kupita kwapani mpaka kifuani ukiwa bado umeunganishwa na mshipa wake, hii si mpya hata kidogo, Mwitaliano Iginio Tansini aliifanya zaidi ya miaka 100 iliyopita. Ama wanachukua nyama na mafuta ya tumboni chini ya kitovu, na wanawake wengi wakisikia hiyo wanafurahi maana tumbo nalo linapungua 😀. Kuna ya tumboni inayotaka kushona mishipa kwa hadubini, masaa mengi mezani na watu waliobobea, na kuna isiyohitaji hadubini. Ya mgongoni haihitaji.

Kwa hiyo dada, ngozi ya marehemu inayowagombanisha huenda wala isikuhusu wewe.

Saratani kurudi: kurudishia ziwa hakuongezi uwezekano wa saratani ile kurudi. Muda: baada ya mionzi wengi wanataka ipite miezi sita mpaka mwaka, ngozi itulie, kwa hiyo uko pazuri. Hapa nchini wapasuaji wa kurekebisha maumbile ni wachache na foleni ya walioungua na ajali za bodaboda ni ndefu, sitakudanganya. Anzia kliniki yako ya saratani, kama ni Bugando waambie wazi "nataka kuonana na daktari wa upasuaji rekebishi", na kama haiwezekani hapo waombe rufaa ya Muhimbili. Nenda na faili lote, hasa karatasi ya mionzi inayoonyesha ulipigwa kiasi gani. Na ukiwa na sukari au presha isiyotulia hiyo ianze kutulizwa sasa.

La mwisho, hukuambiwa kabla, na hilo ni kosa letu sisi. Tunaona mgonjwa kaja kachelewa, tunawaza kumtoa kwenye kifo, tunasahau kwamba atatoka hospitali aende sokoni.

Binti_Nansio:

Dada MamaDagaa hiyo soksi imeniliza halafu imenichekesha halafu imeniliza tena. Mi ni wa Ukerewe, niko Minnesota, na hiyo ngozi unayoiulizia ninayo. Ipo hapa kifuani natembea nayo tangu 2019.

Sikupigwa mionzi kwa hiyo safari yangu ni tofauti na yako kama alivyosema daktari. Siku walipotoa ziwa waliweka puto, halafu kile kitambaa chini yake kulibeba. Puto lina kidude cha kuingizia maji, daktari anapitisha sumaku juu ya ngozi kutafuta kilipo, anachoma sindano anajaza maji ya chumvi, kila Alhamisi mililita 60, ngozi itanuke taratibu. Usiku wa Alhamisi usiniambie kitu, kifua kimevutwa kama chapati unayoilazimisha ienee kikaango kizima. Miezi minne baadaye wakatoa puto wakaweka silikoni. Bima ililipa, huku kuna sheria ya 1998 kwamba bima ikishalipia kutoa ziwa lazima ilipie na kurudishia, hata kulirekebisha lile zima ili yalingane.

Watu hawaambiwi haya: halina hisia. Mtu akinigusa najua kwa kuona. Chuchu hakuna, mi nilichorwa tatuu na kwa mbali inadanganya kabisa. Na baridi! Silikoni haina damu kwa hiyo huku Januari nikitoka nje nikirudi ziwa moja lina joto na jingine kama limetoka friji. Nilipokuja Nansio bibi yangu aliomba alishike, akaliminya minya, akasema "mjukuu wangu hili zuri lakini halijui kama nipo". Sijawahi kusikia daktari akieleza vizuri hivyo. Na tahadhari, kwa sababu hakuna hisia usije ukaweka chupa ya maji ya moto pale, mama mmoja niliyekuwa naye kliniki aliungua akagundua kwa harufu ya ngozi. Huyo huyo baadaye cha kwake kiliingia wadudu, kikatolewa, na mpaka leo yuko bapa na anasema angejua asingeanza.

Kuhusu mwenye ngozi. Mi nililelewa na bibi kwa hiyo na mimi nilisisimka, sitajifanya msomi. Nikamuuliza daktari huyu mtu ni nani, akaniambia haruhusiwi kujua, kwenye faili kuna stika tu ya namba ya kile kipande. Mabenki ya tishu ya huku yanasema mtoaji mmoja anaweza kusaidia watu zaidi ya 75, mfupa kwa huyu, mshipa kwa yule, ngozi kwa mimi. Unaruhusiwa kuwaandikia familia yake barua kupitia benki ya tishu, bila jina lako wala mahali unapokaa. Nilikaa nayo miezi nane. Ya kwanza niliandika kurasa tatu nikachana. Niliyotuma ilikuwa na mistari kama mitano, nilisema mimi ni mwanamke natoka kwenye kisiwa, nilipotoka mtu akifa tunakaa matanga na mimi sikukaa matanga ya mtu wenu, kwa hiyo poleni. Sijajibiwa na si lazima wajibu. Ila tangu siku ile ule msisimko uliisha.

Wifi yako usimkasirikie, anaogopa tu.

Abuu_Makoroboi:

Assalaam alaykum wadau. Mke wangu yuko kwenye hatua ya kuamua, tunaambiwa India. Mi ngozi ya binadamu wala hainipi shida, baraza la fiqhi Jeddah lilishatoa uamuzi 1988 kwamba kupandikiza kiungo cha maiti inaruhusiwa kwa masharti, ridhaa iwepo, kusiwe na kuuza, iwe ni kwa haja. Kinachonisumbua nimesikia kuna ya nguruwe. Daktari hilo ni kweli?

Mshona_Vidonda:

Waalaykum salaam. Ni kweli kaka. Zipo za binadamu kama AlloDerm, zipo za nguruwe kama Strattice, zipo za ng'ombe kama SurgiMend. Imeandikwa kwenye boksi na kwenye fomu pia inatakiwa iwemo. Tatizo fomu watu wanasaini bila kusoma na daktari naye anaona ni "kitambaa" tu. Shemeji aulize kabla ya siku ya upasuaji, aseme wazi nguruwe sitaki, na iandikwe kwenye faili. Wengine hawaweki kitambaa kabisa au wanaweka wavu wa kiwandani usiotokana na mnyama yeyote. Na muulizie kifuko chenyewe ni laini au kina ngozi ya kukwaruza, maana 2019 kampuni ya Allergan waliondoa sokoni vifuko vyao vya kukwaruza baada ya kuhusishwa na aina ya saratani ya nadra, si ya ziwa, ni ya kinga ya mwili, inaota kwenye utando unaozunguka kifuko.

Mvuvi_Bila_Leseni:

Sasa mbona nilisoma Brazil wanatumia ngozi ya sato kutibu watu? Sato si tunao sisi jamani, viwanda vinatupa ngozi kila siku. Tungekuwa matajiri kuliko wauza mabondo ya sangara.

Mshona_Vidonda:

Umesoma sawa ila ile wanafunika nayo majeraha ya moto kama bandeji, inashika unyevu mpaka ngozi ya mtu iote chini yake, halafu inabanduliwa. Haijengi ziwa. Na inasafishwa maabara kabla, usije ukamfunika mtu ngozi ya sato wa Mwaloni tukalaumiana.

Bi_Flati:

Mwadila bhaba na bhamayu wote 😀 nimesoma mpaka chini nikaona hakuna aliyesemea upande wetu.

Mimi nina miaka 61, nilitolewa yote mawili, la kwanza 2008 la pili 2014, sijawahi kurudishia na sitaki. Sio kwa sababu ya hela, mwanangu alitaka kunipeleka. Nilikataa kwa sababu nilishachoka kulala kwenye vitanda vya hospitali, basi. Nyumbani nakaa bapa na dera langu. Nikienda harusini au kanisani navaa maziwa ya kushona, na hapo ndipo ninataka kumsaidia MamaDagaa kwa sababu hata kama atafanyiwa hiyo ya mgongoni foleni inaweza kuwa mwaka mzima, sasa mwaka mzima atazunguka na soksi?

Shida ya soksi ni nyepesi mama. Ziwa lina uzito, ndiyo maana bega linauma na kitu kinapanda shingoni ukiinama. Lazima ukitengeneze kiwe na uzito sawa na lile lililobaki. Unajuaje uzito wake? Chukua bakuli kubwa liweke ndani ya sinia pana, jaza maji ya uvuguvugu mpaka pomoni, piga magoti uzamishe ziwa lote mpaka kifua kiguse mdomo wa bakuli, maji yatamwagika kwenye sinia. Yale maji ya sinia yapime. Mililita moja ni kama gramu moja hivi. Utahitaji mtu wa kukushikia bakuli maana ukicheka tu umeharibu hesabu, mimi na dada yangu tulirudia mara nne.

Halafu kata kitambaa cha pamba laini, kile cha fulana iliyochakaa ni kizuri kuliko kipya, vipande viwili umbo la tone, ukishona acha mkunjo chini ili litokeze. Ndani pamba ya kawaida, si tumezungukwa na pamba sisi Wasukuma, lakini uzito unaweka kwenye kijifuko cha pembeni unakishona chini kabisa upande wa mbavu, ili likining'inia lining'inie kama la kweli. Kwenye kijifuko mwanzo nilikuwa naweka mtama. Usiweke mtama. Nilinyeshewa siku moja kwenye kivuko cha Kamanga, nikalianika juu juu tu, baada ya siku tano naona kifua kinawasha, nafungua mtama umeota majani. Mchele unaingia fukusi. Kuna mtu alinishauri zile risasi za kwenye nyavu, ni nzito kweli lakini ile ni madini ya risasi, ni sumu, usiiweke mwilini. Mimi natumia shanga za kioo, zile ndogo ndogo. Zinafulika, zinakauka, haziozi, na zina kaubaridi fulani kama la yule binti wa Minnesota.

Ndani ya sidiria shona mfuko upande ule utumbukize humo, hapo hata ukiinama kwenye beseni halitoki. Na mkono wa kushoto ukiona unaanza kuvimba au pete inakaza usisubiri kliniki, nenda, ile ukiiwahi wanaifunga bandeji inatulia.

chuma_cha_reli:

nimesoma zote. mama samahani kwa nilichoandika juu pale, mama yangu mdogo anaumwa hii kitu na sikujua

MamaDagaa:

Yameisha mwanangu, mpigie simu mama yako mdogo.

Wadau nimekaa kimya siku mbili kwa sababu kikao kilikuwa jana. Nilimpa baba watoto simu asome maelezo ya @Mshona_Vidonda kwa sauti, pale kwenye wapangaji wengine mama mkwe akaguna. Alivyofika kwenye mionzi mama mkwe akauliza "kwa hiyo hiyo ngozi ya marehemu hata haimhusu?" Akaambiwa kwa huyu kuna uwezekano mkubwa haimhusu. Akasema "sasa nimepanda gari toka Sengerema kwa ajili ya nini", akaomba chai. Ila akaniita pembeni akaniuliza yule binti wa Nansio kama walimjibu ile barua, nikamwambia hapana, akasikitika kabisa. Sijui ameelewa nini lakini ameacha kusema habari za kudaiwa.

Kliniki narudi tarehe 14, nitauliza hiyo ya mgongoni na ya tumboni, karatasi ya mionzi nimeshaitafuta ilikuwa kwenye begi la vyeti vya watoto. Baba watoto amesema atakuja, tuone.

@Bi_Flati shikamoo mama. Tumepima leo asubuhi. Aliyenishikia bakuli ni wifi, huyo huyo wa kwenye spika, mara ya kwanza tulimwaga sinia lote kwa kicheko, ya pili ikakubali. Maji tuliyaweka kwenye mizani yangu ya dagaa yakatoka gramu 510. Wifi kakata fulana ya zamani ya kaka yake, anashona sasa hivi ninapoandika. Naomba kuuliza shanga za gramu 510 ni kete ngapi, na Makoroboi wanauza kwa kupima au kwa kamba? Na zote zinakaa kwenye kile kijifuko au uzito mwingine nauacha kwenye pamba?